Kioo cha Mwanasha

Watu wote wa Mwabungo waliijua njia ya kwenda Ukunda kwa kuitazama mbele. Mwanasha peke yake aliijua kwa nyuma.

Alikuwa mpishi wa arusi. Kwa miaka kumi na tisa hakukuwa na arusi ya maana kuanzia Galu mpaka Msambweni ambayo wali wake haukupikwa na mkono wake, au angalau haukuonjwa na ulimi wake kabla ya kupakuliwa. Na miaka yote hiyo alisafiri na mumewe, Chande, katika steshenwagoni nyeupe iliyochakaa, ambayo majirani waliipa jina la Ajuza kwa jinsi ilivyokohoa kila asubuhi kabla ya kukubali kuwaka. Chande alikuwa ameking'oa kiti cha nyuma ili sufuria zipate pa kukaa. Sufuria ya pilau haina adabu njiani, hivyo lazima mtu aishike. Basi Mwanasha aliketi huko nyuma juu ya kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye kiti cha dereva, miguu miwili ameikaza kwenye sufuria kubwa isiteleze, na macho yake yakitazama kioo cha mlango wa nyuma.

Ukisafiri hivyo unaona dunia nyingine kabisa. Mnazi hauji mbele yako ukaungojea. Unatokea ubavuni ushapita, kisha unakuwa mdogo, mdogo, mpaka unakuwa kijiti. Watu unawaona baada ya kuwapita, wakati hawajui tena kuwa wanatazamwa. Mwanasha alimwona mzee mmoja aliyempa Chande salamu kwa adabu zote, halafu gari lilipopita akakunja uso na kutema mate. Aliwaona watoto wa shule wakilikimbilia gari na kuokota nyanya iliyodondoka. Alipowahadithia wenzake jikoni walicheka hadi wakakaa chini.

Lakini kukaa kwake kule hakukuwa kwa ajili ya sufuria tu. Mzigo ulipopangwa mpaka juu, Chande hakuona chochote katika kile kioo kidogo cha dereva. Kwa hiyo alimuuliza mkewe.

"Mwanasha, nyuma kuna nini?"

"Lori la mchanga. Lina haraka."

"Lipite?"

"Lipishe haraka. Dereva wake anakula muhogo, usukani anaushika kwa mkono mmoja."

"Muhogo wa kuchemsha au wa kuchoma?"

"Wewe endesha gari!"

Ndivyo walivyosafiri. Mmoja aliangalia wanakokwenda, mwingine akaangalia walikotoka, na kati yao palikuwa na wali wa watu mia tatu.

Kwa sababu hiyo kile kioo cha nyuma kilikuwa na heshima yake. Upepo wa pwani una chumvi, na barabara za ndani zina vumbi jekundu. Vikikutana juu ya kioo vinafanya ukungu ambao kitambaa kikavu hakiutoi. Ajuza ilikuwa na waipa ya nyuma, mkono mmoja mweusi uliofungwa mlangoni chini ya kioo, na Chande aliitunza kuliko alivyotunza meno yake. Madereva wenzake pale stendi ya Ukunda walimtania kila siku.

"Chande, taa moja haiwaki, mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba, nawe unahangaikia waipa ya nyuma! Utakwenda mbinguni kwa kurudi kinyumenyume?"

"Taa ni yangu, nitajua mwenyewe," Chande alijibu. "Kile kioo si changu. Ni cha Mwanasha."

Maneno hayo yalimfikia Mwanasha, kama yanavyofika maneno yote ya stendi. Tangu hapo naye akawa na siri yake ndogo. Kila Ijumaa, Chande akiwa msikitini, Mwanasha alikaa kibarazani akapaka nywele zake mafuta ya nazi aliyoyakamua na kuyachemsha mwenyewe. Akimaliza, mafuta yanayobaki kwenye vidole hakuyafuta kwa leso. Aliinuka, akazunguka nyuma ya Ajuza, akayapaka pale kwenye shina la waipa, mahali kile kijiti cha chuma kinapotokeza mlangoni. Aliona jinsi chumvi ilivyokula bawaba za madirisha, mkasi wake na hata miguu ya jiko. Akasema moyoni, chuma hiki hakitaliwa. Mvua ikinyesha na waipa ikipiga, alihisi kwamba nusu ya nguvu ile ilitoka kwenye kidole chake.

Hakumwambia Chande. Hawakujaaliwa watoto, na watu wawili wanaoishi peke yao muda mrefu hupenda kuwekeana vitu vidogo vya kutoambiana.

Mwaka ule vuli ilikuja kwa kishindo. Siku ya arusi ya Jego mvua ilianza tangu Msambweni, na waipa ikaanza vituko: ikapanda mpaka katikati ya kioo, ikatetemeka kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, ikaganda. Chande alisimamisha gari mara mbili, akashuka kwenye mvua na kuisukuma kwa mkono. Ikarudi chini, ikapanda, ikaganda tena pale pale.

Walipofika Jego, uwanja wa bwana arusi ulikuwa tope tupu. Turubai kubwa lilikuwa limetandwa, wageni wamejibana chini yake, na chakula kilitakiwa kishushwe upande wa jikoni. Ilibidi Ajuza irudi nyuma.

"Kuko wazi?" Chande aliuliza.

Mwanasha alijikunyata kukodoa macho. Kioo kilikuwa maji matupu. Aliona kitu cheusi upande wa kulia, akadhani ni kivuli cha mtu aliyesogea.

"Rudi tu."

"Nirudi?"

"Nimekwambia rudi!"

Kilikuwa nguzo ya turubai. Ajuza iliigonga, nguzo ikainama, na maji yote ya mvua yaliyokusanyika juu ya turubai yakamwagika kwa mkupuo mmoja juu ya kina mama wa upande wa bibi arusi, na hina zao, na udi wao, na mapambo yao. Ndani ya gari sufuria ya mchuzi iliruka. Mwanasha aliposhuka, mchuzi ulikuwa umemfika magotini.

"Jamani, mpishi kajipika!" mwanamke mmoja alipiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Aibu ni kitu kibaya, hukufanya umtafute aliye karibu. Mwanasha alimgeukia Chande mbele ya wote, akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni:

"Hata kifimbo cha kioo kimekushinda! Wewe mwanamume wa namna gani?"

Kicheko kikakatika. Chande alisimama kwenye mvua, kofia yake imelowa na kujikunja. Akatabasamu kidogo, akasema, "Kimenishinda, mke wangu. Tushushe chakula, watu wana njaa."

Wakarudi nyumbani jioni. Mvua ilikuwa imekatika, sufuria zilikuwa tupu, na Mwanasha alikaa juu ya kigoda chake akiwa amenuna. Walipokaribia Msambweni, Chande aliuliza kama kawaida yake, "Nyuma kuna nini?"

Hakumjibu.

Baada ya mwendo kidogo akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi. "Mwanasha. Nyuma kuna nini?"

Hakumjibu. Nyuma hakukuwa na kitu, barabara ilikuwa nyeupe tu. Angeweza kusema hivyo. Lingekuwa neno moja.

Alfajiri Chande aliswali, akatoa salamu kulia na kushoto, akabaki ameketi juu ya msala. Mwanasha alidhani anavuta uradi. Alipomletea kahawa ndipo alipomgusa bega.

* * *

Pwani mke humwomba mumewe radhi. Humwomba akisafiri, humwomba wakilala, wengine humwomba hata wakienda sokoni, kwa sababu hakuna ajuaye atakayerudi. "Niwie radhi," na mwingine anajibu, "Nimekuwia." Ni maneno mepesi kama kufunga mlango. Jioni ile Mwanasha hakuyasema. Alisema moyoni, acha leo, nitamwomba kesho hasira ikishuka.

Siku ya maziko, kabla jeneza halijatoka, wanawake walimshika mikono wakamwambia, "Msamehe mumeo, Mwanasha. Sema umemsamehe." Akasema. Alisema mara tatu, kwa sauti. Lakini yeye ndiye aliyehitaji kusamehewa, na mwenye kusamehe ndiye aliyekuwa amelala mle ndani amefunikwa kanga.

Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa ndani. Hapaki wanja wala hina, hajifukizi udi, wala nywele zake hazioni mafuta. Mwanamume asiyekuwa maharimu yake hamwoni, akiwa na neno hulisema nje ya pazia. Mwanasha alihamishia mkeka wake kwenye chumba chenye dirisha la uani, na mchana kutwa alitazama nje kupitia upenyo wa pazia. Nje palikuwa na jiko lililopoa, kuku wa jirani yake Mbeyu, na Ajuza, imegeuziwa ukuta, mlango wake wa nyuma ukimtazama. Waipa ilikuwa bado imeganda katikati ya kioo, vilevile kama siku ile ya Jego. Kila alipoamka ilikuwa pale, imeinua mkono.

Zilipobaki siku ishirini eda iishe, alikuja Feisal, mdogo wake Chande. Alisimama nje ya dirisha akakohoa kidogo ajulikane.

"Asalaam alaykum, shemeji."

"Wa alaykum salaam, Feisal. Karibu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu. Shemeji, nimekuja kwa lile jambo la mirathi. Gari limepata mtu. Mwalimu mmoja wa Msambweni, mtu mzuri. Atalichukua Ijumaa baada ya swala." Akaongeza haraka, "Kama una neno, sema. Sitaki uje uone tumekudhulumu."

Feisal hakuwa mtu mbaya. Mali ya marehemu hugawanywa, na gari huwezi kulikata vipande.

"Ni haki yenu, sina neno," Mwanasha alisema. "Ila waipa ya nyuma itengenezwe kwanza."

"Waipa? Shemeji, mwalimu hakuuliza habari za waipa. Ameuliza injini na magurudumu."

"Hakuuliza yeye. Ninauliza mimi."

Feisal aliitazama Ajuza, akalitazama pazia. Hakuelewa. Angeelewaje? Mwanasha alikuwa amelipima jambo lile usiku na mchana, na kwa hesabu yake lilikuwa wazi: alisema kifimbo kimemshinda Chande. Gari likiondoka na waipa iliyokufa, neno lile litabaki kweli milele. Lakini ikipiga, hata mara tatu tu, neno litakuwa uongo, na neno la uongo labda mtu anaweza kulifuta.

"Haya," Feisal alisema. "Nitamleta fundi."

* * *

Fundi alikuja Alhamisi asubuhi kwa bodaboda, amepakata sanduku lake la spana. Aliitwa Chengo, mtu wa bara huko Kinango, gereji yake iko Ukunda nyuma ya soko. Alivua kofia mbele ya dirisha lenye pazia.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Ahsante, mwanangu," Mwanasha alijibu kwa sauti ndogo. Mambo mengine yote aliyapitisha kwa Mbeyu. Mbeyu alikuwa mwenzake wa jikoni, mnene, mcheshi, na neno alilopewa kulifikisha halikufika kamwe peke yake.

Chengo alianza na fyuzi. Nzima. Akafungua ubao wa ndani wa mlango wa nyuma, akagusisha nyaya, akaliwasha gari. Mota ikanguruma mle ndani, lakini mkono haukusogea.

"Umeme unafika," alisema. "Mota inataka, ila imekabwa shingo."

Mbeyu aliutia mdomo dirishani. "Anasema inataka, ila imekabwa shingo. Kama mume wangu mimi."

Chengo alifungua nati, akautoa ule mkono mweusi, akachukua nyundo na kipande cha mti, akaanza kugonga kile kijiti cha chuma kilichotokeza mlangoni. Kila pigo lilimwingia Mwanasha kifuani. Alimnong'oneza Mbeyu.

"Anasema usigonge kana kwamba unaua nyoka," Mbeyu alitangaza.

"Amesema hivyo?"

"Amesema 'polepole'. Hayo mengine yangu."

Chengo akacheka, akagonga polepole. Akamimina mafuta ya taa, akangoja, akagonga tena. Mwishowe chuma kikachomoka. Kilikuwa kimevikwa kitu cha rangi ya asali iliyoungua, kizito, kimeshika mchanga, kinanata kama ulimbo wa kutegea ndege. Fundi akakisogeza puani. Hapo uso wake ukabadilika.

"Ni haya tena," alisema taratibu.

"Haya nini?" Mbeyu aliuliza.

"Mafuta ya nazi. Mtu huyapaka hapa akidhani yanasaidia. Lakini yanashuka ndani, jua linayapika, upepo unaleta mchanga, yanakuwa hivi. Mimi hili gari nimelisafisha hapa hapa kila mwaka kabla ya vuli. Mwaka wa nane huu."

"Kha! Nani huyo mjinga anayepaka gari mafuta ya nywele?"

Chengo akakumbuka kitu, akainama juu ya sanduku lake. "Aa. Hilo marehemu aliniomba nisiliseme."

Pazia likatikisika.

"Fundi," Mwanasha aliita mwenyewe, na Mbeyu akarudi nyuma hatua moja. "Alikuomba nini?"

"Mama, ile ilikuwa amana."

"Aliyekupa amana amekufa. Na aliyefichwa ni mimi. Sema."

Chengo alikishika kile chuma mkononi, akikigeuzageuza kama anayetafuta pa kuanzia.

"Mwaka wa kwanza aliponiletea, nilimwambia, mzee, mtafute anayepaka mafuta haya umkataze. Akasema anamjua. Nikamwambia basi mwambie aache, utaokoa mota. Akaniambia, 'Nikimwambia, ataacha. Nami sitaki aache. Ijumaa nikitoka msikitini nazunguka nyuma ya gari kwanza, kabla ya kuingia ndani. Nakuta alama ya kidole chake pale. Wewe nisafishie tu, Chengo, mara moja kwa mwaka si kazi. Na usije ukamwambia.'"

  Mbeyu alikaa juu ya jiko lililopoa, mkono shavuni, akiutazama mchanga.

Mwanasha alikuwa amekamata pazia kwa mikono miwili. Aliziona Ijumaa zote zile, moja baada ya nyingine. Yeye akidhani anamficha, na yeye mwenzake akizunguka gari na kanzu yake safi, akiinama kutazama alama ya kidole. Kisha aliuona uwanja wa Jego, kofia iliyolowa, na watu wote wakisikia. Chande alijua. Pale kwenye tope, akitukanwa kwa kosa lililotoka kwenye kidole cha mtukanaji, alijua, na angeweza kulisema kwa maneno matatu. Badala yake alisema watu wana njaa.

"Mbona safari hii hakuja kwako?" aliuliza.

"Nilimwona stendi kabla ya vuli. Alisema kifua kinambana, atakuja kikipoa."

"Kifua?"

"Hakukwambia, mama?"

Hilo nalo alikuwa amewekewa asiambiwe.

Kisha akauliza lile ambalo alikuwa akilizunguka. "Chengo, ile siku tuliyotoka Jego, siku moja kabla hajafa. Tulipofika nyumbani alikwenda kuswali isha msikitini Ukunda, akakawia. Alipita kwako?"

Fundi alifikiri. Alifikiri kwa haki, akihesabu siku vidoleni.

"Hapana, mama. Hakupita."

"Hata simu? Hakukupigia akasema kitu? Akasema amekasirika, au hakukasirika?"

"Hata simu."

Angeweza kudanganya. Mtu mwingine angeona mikono ile ikilikaza pazia, akabuni kitu: ndiyo, alipita, alikuwa akicheka, alisema mke wangu hana neno. Lingemgharimu nini? Lakini Chengo alikuwa mtu mkweli, na Mwanasha, aliyeutamani uongo ule kuliko alivyowahi kutamani chakula, alilazimika kumshukuru.

"Ahsante, mwanangu. Maliza kazi."

Chengo alikisugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, akaosha tundu kwa mafuta ya taa, akatia grisi, akavisha mpira mpya wa kuzuia maji, akakirudisha chuma mahali pake na kuukaza mkono. Mbeyu akajaza kopo maji akayatupa juu ya kioo. Fundi akawasha.

Waipa ikashuka. Ikapanda, ikapita pale katikati bila hata kutetemeka, ikafika mwisho, ikarudi. Mbeyu akafungua kinywa kupiga kigelegele, akakumbuka yuko katika nyumba ya eda, akajiziba kwa kiganja.

Mwanasha alihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Alingoja kifua chake kifunguke. Ikapiga nne, tano, sita, kioo kikawa cheupe kama siku Ajuza ilipokuja, na kifua hakikufunguka. Neno lake halikuhitaji kugeuzwa uongo. Lilikuwa uongo tangu lilipomtoka kinywani, na aliyetukanwa alilijua hilo akalala nalo.

"Nimwambie mwalimu nini kuhusu mafuta?" Chengo aliuliza akifunga sanduku lake.

"Mwambie atie grisi," Mwanasha alisema. "Asimwache mtu akapaka kitu kingine."

* * *

Ijumaa baada ya swala mwalimu alikuja na Feisal. Alikuwa kijana mwenye miwani, mwenye adabu, akatoa salamu za rambirambi nje ya pazia na kuombea marehemu. Mbeyu alikuwa amekwenda mazikoni Galu. Mwanasha alitazama peke yake kupitia upenyo.

Ajuza ilikohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Mwalimu, kwa ugeni, alibonyeza kila alichokiona. Honi ikalia, taa ile moja iliyo nzima ikawaka, na waipa ya nyuma ikaanza kupiga kavukavu juu ya vumbi la usiku. Ikachora nusu duara safi kwenye kioo. Katika nusu duara ile Mwanasha aliona ndani ya gari, na mle ndani, katikati ya sakafu tupu, kilikuwa kigoda chake.

Walikisahau. Yeye mwenyewe alikisahau.

Alipanua kinywa. Lakini mjane wa eda hapigi kelele za kuita wanaume, wala hakimbii uani bila kujisitiri, na mara Ajuza ikaondoka. Ilipopanda kwenye njia kubwa ikayumba, na akakiona kigoda kikiteleza upande mmoja, kisha upande wa pili, kwa kuwa hapakuwa na miguu ya kukizuia. Miaka kumi na tisa alikuwa ameona njia ikiondoka. Hakuwahi kuliona gari lenyewe likiondoka. Nalo linafanya vilevile: linakuwa dogo, dogo, mpaka linakuwa kitu cheupe, na katika kitu cheupe kile waipa ilikuwa bado inakwenda, inarudi.

"Hakuna gari," alisema kwa sauti ya chini, paji la uso likiwa kwenye nondo za dirisha. "Njia ni nyeupe, Chande. Kuna kuku wa Mbeyu, na mimi."

Eda ilipoisha, wanawake wa Mwabungo walikuja asubuhi na mapema kumtoa. Walimwogesha kwa maji ya majani ya mkilifi, wakamvalisha leso mpya, wakawasha udi. Mbeyu alimkalisha kibarazani, akamfumua nywele zilizokauka kama makumbi ya nazi, akazipaka mafuta ya nazi kwa wingi, fungu kwa fungu, huku akisimulia umbea wa miezi minne wote kwa mara moja. Wenzake wakacheka. Mwanasha naye alicheka mahali pawili.

Alipomaliza kusukwa alijipapasa kichwa mwenyewe, kama alivyozoea, kuhakikisha. Mafuta yakabaki kwenye vidole. Akainuka. Wanawake walidhani anakwenda uani kwa haja zake, wakampisha. Akapita jikoni, akazunguka ukuta, akafika pale Ajuza ilipokuwa ikiegeshwa.

Palikuwa na alama nne za magurudumu, na nyasi zilizopauka kwa kukosa jua. Mvua ya kwanza ya masika ilikuwa imeanza kudondoka, tone hapa, tone pale.

Mbeyu alimfuata. Akamkuta amesimama katikati ya alama zile, mkono ameunyoosha mbele, kidole kimoja kinang'aa.

"We Mwanasha, mvua hiyo! Unatafuta nini?"

"Pa kupaka," Mwanasha alisema.